Daktari wa Retina Aliye Pia Mwalimu: Dhana Potofu na Ukweli

Mtu akisikia kwamba daktari wa macho ni profesa, aghalabu humwazia mzee aliyekwisha kuachana na chumba cha upasuaji, akabaki na vitabu, mitihani na vikao. Ukweli ni kwamba daktari bingwa wa retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, anayefundisha chuo kikuu ana kliniki zake, siku zake za upasuaji na zamu zake za dharura kama wenzake, na juu ya hayo anasimamia madaktari walio masomoni na kuendesha utafiti. Tena yeye ndiye anayepelekewa macho yaliyoshindikana kwingine: retina iliyobanduka tena baada ya kurudishwa, jicho lililotobolewa na kipande cha chuma, au kisukari kilichokwisha kuacha makovu yanayoivuta retina.

Wengine huchukulia kwamba anayejua kutoa mtoto wa jicho anajua pia kutengeneza retina. Kazi hizi ni jirani, lakini si moja. Mtoto wa jicho ni ukungu wa lenzi, iliyo upande wa mbele. Retina ni utando uliotandazwa nyuma kabisa, wenye unene wa takriban robo milimita, na mara nyingine daktari hulazimika kuchuna juu yake ngozi ambayo unene wake ni sehemu chache tu kati ya elfu za milimita. Ndiyo maana masomo yake ni marefu. Nchini Marekani ni miaka 4 ya shahada ya kwanza, 4 ya udaktari, 1 ya utarajali, 3 ya ubingwa wa macho, na kwa kawaida 2 ya upasuaji wa retina pekee. Kwa Tanzania, udaktari huchukua miaka 5 na utarajali 1, kisha hufuata ubingwa wa macho, ndipo mtu aanze kuufikiria ubobezi wa retina.

Kuna na kauli kwamba utafiti wa maprofesa hawa ni wa kupandia vyeo. Kauli hii hunisikitisha, kwa sababu sehemu kubwa ya tunachokiita leo upasuaji wa retina imetoka kwa walimu wa vyuo vikuu. Retina iliyobanduka ilihesabiwa kuwa upofu usio na dawa, hadi Jules Gonin wa Lausanne, Uswisi, alipoonyesha kwamba chanzo ni mchaniko, na kwamba mchaniko ukizibwa retina inaweza kushika tena. Miongo kadhaa baadaye, madaktari bado walifundishwa kuuogopa ute mzito unaojaza jicho, wakiamini kwamba ukiguswa jicho limekwenda. Huko Miami, Marekani, daktari wa macho David Kasner alithibitisha, kwa kulifungua jicho upande wa mbele, kwamba ute huo unaweza kuondolewa na jicho likastahimili. Mwenzake Robert Machemer, Mjerumani aliyefika hapo mwaka 1966, akataka kuuondoa bila kulifungua jicho namna hiyo. Alitengeneza kifaa chembamba cha kukata na kunyonya kwa pamoja, akakijaribu kwanza kwenye ute wa yai, na mhandisi Jean-Marie Parel akamsaidia kukiboresha. Aprili 1970 alikitumia kwa mgonjwa wa kisukari ambaye jicho lake lilikuwa limejaa damu isiyoondoka. Wagonjwa wa namna hiyo, kabla ya hapo, walikuwa wakiambiwa wasubiri tu.

Dhana inayowadhuru wagonjwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ile isemayo kwamba hospitali ya kufundishia ni mahali pa kufanyiwa majaribio. Hofu hiyo naielewa. Jicho halina akiba. Lakini hebu tuingie chumba cha upasuaji. Taa za juu zimezimwa. Daktari mwanafunzi ameshika kijitaa chembamba kama sindano mkono wa kushoto na kikatio mkono wa kulia. Mguu mmoja uko kwenye pedali ya mashine, mwingine kwenye pedali ya darubini. Darubini hiyo ina sehemu mbili za kutazamia, na kwenye ile ya pili ameketi mwalimu, anayeona kilekile anachokiona mwanafunzi. Kikatio kikiikaribia retina kupita kiasi, husikika neno moja: "Simama." Kazi ikihitaji mkono wenye uzoefu zaidi, mwalimu hukichukua kikatio, hupita sehemu ngumu, kisha hukirudisha. Wala mwanafunzi hapewi upasuaji mzima siku moja. Huanza kwa kuweka vijitundu vitatu kwenye weupe wa jicho, baadaye huruhusiwa kuondoa ute wa katikati, na kuchuna ngozi iliyo juu ya kitovu cha retina huja mwisho kabisa. Kujua wakati wa kukichukua kifaa na wakati wa kukiacha ndio ufundi mgumu wa ualimu huu, kwa maana anayekichukua mapema mno hafundishi, na anayechelewa humwumiza mgonjwa. Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza, kabla ya kutia sahihi, nani atamfanyia nini.

Si kweli pia kwamba kila anayefika kwa daktari huyu atapasuliwa. Wengi hutibiwa kwa mionzi ya leza au kwa sindano za dawa ndani ya jicho, na wengine hufuatiliwa tu. Anayeona pazia jeusi likishuka ghafla machoni, hata hivyo, aende hospitali siku hiyohiyo.

Wako wanaoamini kwamba mkono mtulivu ni kipaji cha kuzaliwa. Mkono hutulizwa: kifundo huegemezwa, kidole hupumzishwa kwenye paji la mgonjwa, na kabla ya mgonjwa wa kwanza yanakuwa yamepita macho mengi ya wanyama katika chumba cha mazoezi. Vifaa vyenyewe navyo huendelezwa na wanaofuata. Kifaa cha kwanza cha Machemer kilihitaji tundu la zaidi ya milimita 2. Mwaka 1978 alihamia Chuo Kikuu cha Duke, ambako miongoni mwa waliofanya kazi naye alikuwa Eugene de Juan. Mwaka 2002 de Juan, Gildo Fujii na wenzao walichapisha taarifa za vifaa vya geji 25, vyenye upana wa nusu milimita, ambavyo tundu lake mara nyingi hujifunga bila kushonwa.