Oili ya gia boksi imegeuka maziwa? Hedi iache kwanza

Mtu anafungua bolti ya kumwagia oili kwenye injini yake ndogo ya stroki mbili, ile inayopozwa kwa maji, na badala ya oili kinatoka kitu cheupe cheupe cha kijivu, kizito, na kabla hakijaisha kutoka ye kashaamua gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya silinda na kifuniko chake cha juu, imekufa. Simcheki, maana mimi nilijifunzia kwenye stroki nne na huko ukiona oili maziwa wa kwanza kushukiwa ni gasketi ya hedi. Injini yangu ya kwanza ya stroki mbili, cc 125, nilibadilisha gasketi ya hedi mara mbili nzima kabla sijakaa chini nikajiuliza, hivi maji ya kule juu yanapita wapi mpaka yafike kwenye gia?

Hayana pa kupita. Kwenye stroki mbili chini ya pistoni hakuna oili ya kuzunguka, kule krenki ilipo, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, kunapita hewa na petroli iliyochanganywa oili, chumba kimezibwa kwa sili za krenki (pete za mpira zinazobana shafti isivuje) kushoto na kulia, na gia boksi ni chumba kingine chenye oili yake inayolainisha gia na klachi basi. Gasketi ya hedi ikifa maji yanaingia kwenye silinda, utaona moshi mweupe usioisha hata injini ikipata moto, mapovu kwenye rejeta, maji yanatemwa kwenye mpira wa ovaflo. Gasketi ya chini ya silinda nayo ikivuja maji yanaishia kwenye krenki na yanachomwa yatoke na moshi. Ukitaka kunibana utasema sili ya krenki ikiwa mbovu pia yanaweza kuvuka, sawa, ila injini hiyo ingekuwa inafuka na kugoma kuwaka kitambo kabla hujakumbuka oili.

Na hiyo sili ya krenki ya upande wa klachi watu wanaichanganya sana na tatizo letu. Ikifa, krenki inanyonya oili ya gia, kwa hiyo oili INAPUNGUA, moshi mwingi, plagi inalowa. Maji yakiingia oili INAONGEZEKA na rejeta inapungua huku chini hakuna hata tone. Ndo maana swali langu la kwanza siku zote ni kiwango kimepanda au kimeshuka, wengi hawajapima.

Sasa mhalifu mwenyewe, mara nyingi sana, ni pampu ya maji. Kwenye injini nyingi za aina hii pampu imekaa kwenye kava la upande wa klachi, shafti yake inazungushwa na gia ndani ya oili na ncha ya pili imebeba feni ndani ya maji. Shafti moja, huku oili huku maji, katikati sili mbili zimegeuziana mgongo, moja inazuia maji na nyingine inazuia oili. Injini nyingi zina katundu kadogo kati ya hizo sili kanakotokea chini ya pampu, na hako katundu ndo kengele yako: kakidondosha kulanti, yaani yale maji ya kupozea, sili ya maji imechoka, kakidondosha oili ni sili ya oili. Kakiziba kwa tope, maji yaliyovuka sili ya kwanza yanakosa pa kwenda, yanaisukuma ile ya oili ambayo imegeuzwa kuzuia upande wa pili, na yanaingia. Gia boksi inapumua kwa mpira hivyo haina presha, wakati maji ya moto yana presha ya karibu bar 1, mshindi unamjua. Nishapokea injini ambayo mtu alikaziba kwa silikoni eti kanachafua chini. Kalikuwa kanamwambia kitu jamani.

Anayefuata ni gasketi ya kava lenyewe, kwenye injini ambazo njia ya maji inapita kati ya kava na bodi, halafu alumini iliyoliwa na kutu kwa sababu ya maji ya bomba, na mara chache ufa.

Ila kabla hujafungua chochote hakikisha ni kulanti kweli. Ukiosha kwa mashine ya presha au ukivuka mto maji yanaweza kuingia kwa mpira wa kupumulia, na safari fupi fupi injini isipate moto unyevu unajikusanya humo ndani. Iache oili kwenye chupa angavu, maji yasipojichanganya kabisa yanakaa chini na rangi ya kulanti wakati mwingine inaonekana. Usionje, kulanti ya ethilini glaikoli ni tamu na ni sumu. Badilisha oili, endesha kidogo, angalia tena: kama ilikuwa maji ya kuoshea hairudii.

Ikirudi, mwaga oili, acha bolti ya chini wazi, funga pampu ya presha mdomoni mwa rejeta ujaze kiasi kilichoandikwa kwenye kifuniko chake usizidishe, weka sahani chini na subiri nusu saa. Wakati unasubiri piga kiki polepole kwa mkono, plagi ikiwa imetolewa, kwa sababu kuna sili inashika shafti ikisimama na kuvuja ikizunguka, hiyo imenidanganya zaidi ya mara moja. Geji ikishuka na sahani ikapata kulanti umemaliza ubishi.

Ukifungua badilisha sili zote mbili, na pitisha ukucha kwenye shafti pale sili inapogusa. Ukucha ukikwama kwenye kamfereji shafti nayo iende, sili mpya juu ya shafti iliyochimbika utarudi hapo hapo muda si mrefu. Beringi ikicheza vivyo hivyo. Upande wenye kaspringi unaangalia kile inachokizuia, yaani moja inaangalia maji nyingine oili, paka grisi midomo yake kabla ya kupitisha shafti. Kava usilibandue kwa bisibisi, utakwaruza uso wa gasketi na utakuwa umetengeneza uvujaji mwingine.

Halafu osha: oili ya bei rahisi, injini iwake dakika chache bila mzigo, mwaga, rudia mpaka itoke safi, mara 2 au 3 kawaida. Klachi ikianza kuteleza baada ya hapo ujue sahani zake zimekunywa kulanti, hizo hazioshwi zikarudi, weka mpya.