Dakika Kumi Kabla ya Insha: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Kupanga hoja ni kupoteza muda wa mtihani.

Karatasi ya Insha ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya sekondari nchini Kenya, humpa mtahiniwa saa moja na dakika 45 za kuandika insha mbili, kila moja ikiwa na alama 20 na isiyopungua maneno 400. Kila insha basi ina takriban dakika 52, na anayetenga 10 za kupanga hubakiwa na zaidi ya 40 za kuandika. Anayepoteza muda ni yule aliyeanza papo hapo, akafika aya ya tatu na kukuta hoja zimemwishia, akaanza kuirudia ile ya kwanza kwa maneno mengine.

Dhana: Vidokezo vikishaorodheshwa, mpango umekamilika.

Hapa ndipo walimu wengi tunapokosea, kwa kuwa tumewafundisha wanafunzi kuorodhesha bila kuwafundisha kuipima orodha yenyewe. Tuchukue methali "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Mwanafunzi huandika: Juma atoroka shule, Juma ajiunga na wezi, Juma akamatwa, Juma afungwa. Kisa kinasonga vizuri, lakini methali inamhusu mzazi aliyeogopa kumrudi mwanawe, ambaye ndiye anayelia mwishoni, na mzazi huyo hayumo katika kidokezi hata kimoja. Insha itakayotokana na orodha hiyo itakuwa imepotoka, hata ikipambwa kwa tashbihi na nahau za kila aina.

Kosa hilo lingeonekana kabla ya sentensi ya kwanza kuandikwa, iwapo mwanafunzi angezoea kukihoji kila kidokezi: je, kinajibu swali nililoulizwa? Je, nina tukio au mfano wa kukithibitisha? Je, kinatofautiana kweli na vile vilivyotangulia? Akishajiuliza hayo, atakata vitatu na kuandika vingine: mama amficha Juma mwalimu anapokuja kumuulizia, mama amzuia baba kumwadhibu, Juma afungwa, mama auza shamba kumlipa wakili. Sasa pande zote mbili za methali zimejitokeza, na kazi hiyo haikuchukua hata dakika tano.

Dhana: Kutathmini ni kazi ya mwalimu, mwanafunzi hawezi kujipima.

Hawezi akiambiwa tu "hakikisha hoja zako ni nzuri," kwa maana hajui uzuri huo unapimwa kwa vigezo gani. Mwalimu na aandike vidokezo vyake mwenyewe ubaoni, avipime kwa sauti mbele ya darasa, akate vilivyo dhaifu na kueleza sababu. Baadaye wanafunzi wabadilishane orodha wawili wawili kabla ya kila mmoja kuipima yake, kwani kosa la mwenzako ni rahisi kuliona kuliko lako. Katika darasa la wanafunzi 50, ni afadhali pia kwa mwalimu kupitia orodha 50 za mistari minne na kuzirejesha siku hiyohiyo, kuliko kubeba nyumbani insha 50 ambazo tatizo lake lilianzia kwenye hoja.

Dhana: Mpango ukishapimwa haubadilishwi.

Wazo bora likimjia mwanafunzi katikati ya kuandika, alipitishe kwenye maswali yaleyale matatu, kisha aliingize mahali pa lile lililo dhaifu zaidi.