Tepu za zamani kwenye Linux: zipi bado zinasomeka, zipi zimeachwa

Kila anayeniletea boksi la tepu za kompyuta, zile kaseti za kuhifadhia nakala za data, kutoka stoo ya ofisi huuliza swali lile lile: hizi si za kizamani mno, kompyuta ya sasa itazisoma kweli? Umri haunisumbui sana. Ninachotazama kwanza ni mgongo wa mashine ya tepu, kebo yake inachomekwa wapi. Kama ni SCSI, njia ya zamani ya kuunganisha diski na tepu kwenye kompyuta, au SAS iliyoirithi, nina matumaini hata kama mashine ni ya 1993. Kama ni kebo ya flopi, naguna.

SCSI ina amri zilizokubaliwa tangu zamani: soma bloku, rudi mwanzo, ruka hadi alama ya faili inayofuata. Kazi ngumu inafanywa na mashine yenyewe. Mfumo endeshi hauna haja ya kujua kama ndani kuna kichwa kinachozunguka, kama kwenye tepu za aina ya DDS, au kilichotulia, kama kwenye zile za LTO. Ndiyo maana Linux ina draiva (programu inayoongea na kifaa) moja tu, st, inayohudumia zote mbili na nyingine nyingi. Jina la mwandishi wake, Kai Mäkisara, limo kwenye draiva hiyo tangu 1992, na bado ipo ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, ya leo.

Mashine za QIC-40 na QIC-80, aina nyingine za kaseti za tepu, zilikuwa jambo jingine. Ziliuzwa kwa bei nafuu miaka ya 1990 kwa watu wa kompyuta za nyumbani, na unafuu ulitokana na kukosa akili: zilichomekwa kwenye kebo ya flopi, kisha kompyuta ikaachiwa kila kitu, pamoja na kusahihisha makosa ya kusoma. Ni sawa na abiria aliyelipa nauli kisha akashushwa kusukuma gari. Draiva yake, ftape, ilifungamana mno na vifaa vya enzi hizo, ikakosa mtunzaji, na mwaka 2007 ikaondolewa kwenye Linux 2.6.20. Mwaka 2025 mhandisi Dmitry Brant aliirekebisha iweze kuendeshwa kwenye kerneli za sasa kama moduli ya pembeni, lakini ndani ya kerneli rasmi haimo.

Upande wa Windows hadithi ni fupi. Hadi XP na Server 2003 kulikuwa na programu ya bakapu ya NTBackup, iliyoandika moja kwa moja kwenye tepu. Server 2008 ilikuja na programu mpya ya bakapu isiyojua tepu kabisa. Windows bado inaweza kuitambua mashine ukiwa na draiva yake, ila programu ya kuitumia utanunua mwenyewe. Kwa kazi ya kuokoa data za zamani sioni sababu ya kupita huko. Hata tepu iliyoandikwa na NTBackup naivutia kwenye Linux kwanza, kisha naifungua kwa mtftar, programu inayosoma bakapu za aina hiyo.

Sasa kazi yenyewe. Telezesha kwanza kile kidude cha kuzuia kuandika. Weka kifurushi cha mt-st, chenye amri ya mt ya kuiongoza mashine ya tepu, kwa sababu mt inayokuja na kifurushi cha cpio haina amri zote. Kisha:

mt -f /dev/nst0 status
mt -f /dev/nst0 setblk 0
dd if=/dev/nst0 of=sehemu1 bs=256k

Angalia hiyo n kwenye nst0. Ukitumia /dev/st0, tepu inarudi mwanzo kila amri inapomaliza, na utajikuta unasoma faili la kwanza mchana kutwa. Ile setblk 0 inamwambia draiva akubali bloku za ukubwa wowote. Halafu bs, yaani kipimo cha kipande ambacho amri ya kunakili, dd, inasoma kwa mara moja, iwe kubwa kuliko bloku iliyoandikwa. Ikiwa ndogo, unapata ujumbe "Cannot allocate memory", na nimeona watu wakienda kununua RAM kwa ajili ya ujumbe huo. RAM haihusiki hata kidogo; bloku iliyotoka kwenye tepu ni kubwa kuliko chombo ulichoiwekea. Ongeza bs, rudi nyuma, jaribu tena.

dd itasimama kwenye alama ya faili. Irudie kwa sehemu2, sehemu3, mpaka itoe faili tupu. Usikimbilie tar, amri ya kufungua furushi la faili, moja kwa moja kwenye tepu. Utepe wa miaka 25 unaweza usikubali kupita kichwani mara ya pili, kwa hiyo toa kila kitu kwanza, tar itafuata ukiwa na nakala kwenye diski.

Penye shida hasa siku hizi ni vyuma. Ubao mama wa sasa hauna nafasi ya PCI kwa kadi ya zamani ya SCSI, ingawa draiva ya kadi za Adaptec, aic7xxx, bado ipo. Kadi nyingi za RAID, zile za kuunganisha diski kadhaa ziwe kama moja, zinakataa tepu, hivyo tafuta kadi ya kawaida. Ncha zote mbili za mnyororo wa SCSI zinahitaji tamineta, kile kizibo cha kuzuia ishara isirudi kwenye kebo. Na kama mashine imeandikwa HVD, aina ya SCSI yenye volteji ya juu, usiichomeke kwenye kadi ya LVD, ya volteji ya chini. Unaweza kuunguza vyote viwili.

LTO nayo ina mtego. Hadi kizazi cha 7, mashine ilisoma vizazi viwili nyuma yake. LTO-8 inarudi nyuma hadi LTO-7 tu. Aliyenunua mashine mpya akiwa na kabati la LTO-6 hawezi kuzisoma kwa mashine hiyo.

Kwa QIC-80 natunza kompyuta kuukuu yenye kidhibiti halisi cha flopi na Linux ya kerneli 2.4, flopi ya USB haifai kitu hapo. Kabla ya kuingiza kaseti naugusa mpira unaosukuma utepe, ulio ndani ya mashine. Kwa nyingi umeshageuka ulimbo, na lazima ubadilishwe kwanza.