Gari Lisilo na Injini: Kulisukuma ni Rahisi, Kulisimamisha Ndiyo Kazi

Injini ikishashushwa, gari hukaa gereji ya nyumbani kwa miezi, pengine miaka, na muda wote huo halitulii mahali pamoja. Leo lisogezwe ukutani lipishe kazi nyingine, kesho ligeuzwe ili upande wa pili ufikike, keshokutwa litolewe nje lioshwe. Wengi huwa waangalifu wanapofungua boliti, halafu wanazembea kwenye hizo mita mbili tatu za kusogeza, na hapo ndipo vidole hubanwa na milango ya gereji hupindwa. Mara nyingi chanzo ni mambo tuliyoyasikia kwa wenzetu tukayaamini bila kuyapima.

"Bila injini gari ni jepesi, mtu mmoja anatosha."

Injini ya silinda nne kwa kawaida ina kilo 100 hadi 150 hivi. Itoe kwenye gari la kilo 1,200, bado una zaidi ya tani moja mbele yako. Kinachodanganya ni kwamba kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, matairi yakiwa na upepo wa kutosha, tani hiyo husogea kwa nguvu ndogo, kama ile ya kuinua kilo 10 au 15. Mtu anasukuma, gari linaitika, anajiona ameliweza.

Lakini sakafu nyingi za gereji zimewekewa mwinamo ili maji yatoke. Mwinamo wa sentimita 2 kwa kila mita, ambao kwa macho huuoni, unaongeza nguvu ya kilo 20 kwa kila tani. Wa sentimita 5 unaongeza 50. Ukipandisha, utachoka. Ukiteremsha, gari litaondoka lenyewe, na likishashika mwendo hakuna mikono ya kulizuia. Usijiweke kamwe kati ya gari na ukuta ukidhani utalikinga kwa mgongo. Muwe angalau wawili: mmoja anasukuma, mwenzake yuko ndani kwenye usukani na breki. Mkipata wa tatu wa kutembea na kabari kando ya gurudumu, ni bora zaidi.

Kama gari limegoma kuanza kusogea, pima upepo kwanza, kwa sababu tairi lililolegea hulifanya zito mno. Kisha sukuma tairi lenyewe kwa juu badala ya kusukuma bodi: ukilikamata pale juu, nguvu inayohitajika ni kama nusu. Angalia tu vidole visiingie kati ya tairi na madigadi.

"Tia gia, halitaondoka."

Hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote, maana inatoka kwenye mazoea mazuri. Gari zima ukiliacha kwenye gia hutulia kwa sababu injini inagoma kuzunguka: pistoni zinabana hewa ndani ya silinda, na vyuma vinasuguana. Ondoa injini, giaboksi ya kawaida haina tena kitu cha kuishikilia. Ukitaka kuhakikisha, weka gia ya kwanza, mwenzako alisukume gari polepole, wewe mulika tochi pale klachi ilipokuwa. Utaiona ile shafti yenye meno inazunguka kwa kasi, mara kumi na zaidi ya tairi, na hakuna kinachoigusa. Gia uliyotia haijashika chochote.

Giaboksi ya otomatiki ni habari nyingine. Kwenye P, nafasi ya kuegesha, kuna jino la chuma linaloingia kwenye gia ya ndani na kufunga shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu, nalo halihitaji injini. Ila linahitaji shafti zote ziwe mahali pake. Ukiwa umetoa propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, au shafti ya gurudumu la upande mmoja tu, P haizuii kitu.

Breki ya mkono nayo ina masharti yake. Kwenye magari mengi inashika magurudumu ya nyuma. Ukiyapandisha hayo juu ya vigari vya kusogezea, breki itafunga tairi huku kigari kinaendelea kuteleza na gari lako. Kabari mbele na nyuma ya gurudumu lililo chini, kila mara gari linaposimama, hata kama unakwenda kuchukua spana tu.

"Injini haipo, kwa hiyo breki na usukani vimekufa."

Breki ya mguu bado inafanya kazi ikiwa mabomba yamefungwa vizuri na mafuta yake yapo. Kilichoondoka ni msaada unaotokana na injini, kwa hiyo pedali huwa ngumu na unaikanyaga kwa mguu mzima. Ijaribu gari likiwa bado limezuiwa kwa kabari. Usukani nao huwa mzito, ila hulainika gari likiwa linasogea. Ufunguo uwe umezungushwa vya kutosha kuachia loki ya usukani. Kama breki ya mkono ni ya umeme, utahitaji betri.

"Jeki ina magurudumu, basi livute hivyo hivyo."

Magurudumu ya jeki yapo kwa sababu mkono wake hupanda kwa kupinda: gari linapoinuka, jeki lazima ijisogeze kidogo kulifuata, la sivyo kichwa chake kitateleza. Hayakuwekwa ili kuhamishia gari. Tumia vigari vya magurudumu manne, fagia sakafu kwanza kwa sababu nati moja tu au kijiwe hukwamisha gurudumu dogo, na kwenye mwinamo usivitumie kabisa.

Wenye magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, zingatieni hili: mengi yao, shafti inayopita katikati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, pamoja na nati yake kubwa ndivyo vinavyoibana beringi, kile kipande kinachofanya gurudumu lizunguke kwa ulaini. Ukitoa shafti kisha ukashusha gari kwenye matairi, beringi inaweza kuachana. Rudisha kile kipande cha nje cha shafti kwenye habu, kaza nati, ndipo usukume.

"Winchi ni ya kuvutia tu."

Winchi ni kifaa cha kukunja na kuachia kamba au waya kwa mpini, na mimi naithamini zaidi kwa kuteremsha. Gari likitolewa nje kwenye mteremko, winchi iliyofungwa nyuma yake inaliachia kidogo kidogo, na hakuna anayehitaji kulikimbilia. Chagua yenye breki yake yenyewe; isiyo na breki, mpini unaweza kukuponyoka ukazunguka kwa nguvu na kukuvunja mkono. Ifunge kwenye nguzo au chuma kilichozikwa vizuri, na upande wa gari tumia tundu la kuvutia lililowekwa na watengenezaji. Bampa hung'oka, na fimbo za usukani hupinda. Kamba au waya ukishakaza, asisimame mtu kwenye mstari wake, kwa sababu ukikatika hurudi kwa nguvu. Kabla ya kuifungua winchi, weka kabari pande zote mbili za gurudumu, kisha legeza kamba taratibu uone kama gari limetulia.