Rangi ya skeli: kwa nini kaki ya kisanamu si kaki ya askari

Rangi ya skeli ni kanuni ya wapaka rangi wa visanamu: kitu kikipunguzwa ukubwa, rangi yake nayo ipunguzwe ukali. Iwe nyepesi kidogo, iliyofifia kidogo, kuliko rangi ya kitu chenyewe. Chukua kaki ileile iliyokuwa kwenye shati la askari wa mwaka 1914, ipake kwenye kisanamu chenye kimo cha sentimita tatu, na macho yako yatakataa kwamba ni kaki ileile. Utaona shati zito, jeusijeusi, ambalo mikunjo yake yote imepotea.

Wanaohangaika zaidi na jambo hili ni wachezaji wa michezo ya vita ya mezani, hasa wale wa vita vya kihistoria. Meza inageuzwa uwanja wa mapambano, vikosi vya visanamu vinasogezwa kwa rula, dadu zinaamua nani kapigwa na nani kakimbia. Hapa Nairobi wapenzi wa mchezo huu si wengi, na visanamu vingi vya vita vya enzi ya ukoloni hutengenezwa Uingereza, kwa hiyo mtu huagiza kisha akasubiri. Lakini vita vya Afrika Mashariki vya 1914–1918 vinapendwa sana na wachezaji wa nje, na ramani zao zimejaa majina yetu: Longido, Taveta, Salaita, Tanga. Askari wa King's African Rifles, yaani KAR ya babu zetu, jeshi la kikoloni la Waingereza, wanasimama upande mmoja; askari wa Wajerumani chini ya kamanda wao Lettow-Vorbeck upande wa pili.

Hesabu ya skeli ni rahisi, na ndiyo inayoeleza kila kitu. Kipimo kinachotumika sana huitwa milimita 28, na kwa desturi hupimwa kutoka wayo hadi machoni, si hadi utosini. Kwa makadirio ni sawa na 1 kwa 56. Mchezaji akisimama kando ya meza, macho yake huwa kama sentimita 90 kutoka kwa kikosi chake. Zidisha mara 56, unapata mita 50. Huo ni umbali wa kutoka golini hadi mstari wa katikati ya uwanja wa mpira. Mtu aliye mbali hivyo unamwona kofia, bunduki, mshipi, namna alivyoinama. Vifungo vya shati huvioni. Mboni za macho ndiyo usahau kabisa, ingawa wapo watu wanaozipaka kwa brashi yenye unywele mmoja huku wamezuia pumzi. Kwenye visanamu vidogo zaidi vya milimita 15, ambavyo ni kama 1 kwa 100, askari yuleyule yuko mita 90.

Sababu inayotolewa mara nyingi ni hewa. Vilima vya Ngong ukivitazama kutoka Lang'ata vina rangi ya buluu iliyofifia, na ukifika huko unakuta ni majani mabichi tu. Hewa iliyo katikati imepunguza ukali wa rangi. Ni kweli kwa vilima. Kwa askari aliye mita 50 sioni kama hewa ina kazi kubwa, hata asubuhi ya Julai yenye ukungu. Sababu yenye nguvu zaidi iko kwenye macho yetu: eneo dogo la rangi huonekana limekolea giza kuliko eneo kubwa la rangi hiyohiyo. Aliyewahi kuchagua rangi ya sebule kwa kutazama kadi ndogo kwenye duka la hadwea, kisha ukuta mzima ukatoka unang'aa kuliko alivyotarajia, ameshaiona kanuni hii ikifanya kazi kinyumenyume. Kisanamu ni kile kipande cha kadi.

Kwa hiyo kaki hupandishwa, yaani hufanywa nyepesi zaidi. Anza na kaki unayoamini ni sahihi, kisha ongeza rangi ya krimu kidogokidogo mpaka ikae vizuri ukiwa umenyoosha mkono wote. Krimu, si nyeupe. Nyeupe huifanya kaki iwe kama chaki. Na usijisumbue kutafuta kaki moja ya kweli, kwa sababu haikuwepo. Kitambaa kile kilichapwa na jua na kufuliwa mpaka kikapauka, na shati la askari aliyejiunga jana halikufanana na la yule aliyetembea miezi sita. Ukichanganya kaki mara tatu kwa kikosi kimoja, kila mara tofauti kidogo, umefanya historia na umefanya skeli kwa mpigo mmoja.

Rangi za giza ndizo zinazohitaji kupandishwa zaidi. Chukua kaniki, kile kitambaa cha pamba: buluu yake ni ya giza mno, na ukiipaka ilivyo kwenye nguo ya mpagazi, mezani inakuwa nyeusi tu. Anza na buluu ya bahari, acha giza likae kwenye mikunjo. Merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, nayo isiwe nyeupe. Iwe ya kijivu chenye umanjano, yenye vumbi. (Na wapagazi wawepo, tafadhali. Makumi ya maelfu yao walikufa katika vita hivyo, wengi kwa maradhi na njaa, na mtaa wa Kariokor hapa Nairobi umebeba jina la kikosi chao, Carrier Corps. Meza yenye bunduki nyingi na isiyo na hata mtu mmoja aliyebeba sanduku la risasi kichwani haijui jeshi lile lilitembeaje.)

Nyuso ndizo zinazonikera. Maelekezo mengi ya kupaka uso wa Mzungu yana rangi nne au tano: ya msingi, ya kivuli, ya mashavu, ya pua, ya mdomo wa chini. Yakifika kwa askari wa Kiafrika, ni kahawia moja ya chokoleti na maji ya rangi nyeusi (rangi iliyozimuliwa sana) juu yake, basi. Chini ya taa ya kawaida uso huo unatoweka. Unabaki na shimo chini ya kofia. Kanuni ya skeli inasema kinyume kabisa: kadiri rangi ilivyo ya giza ndivyo inavyohitaji tabaka zaidi za mwanga, si chache.

Namna ifaayo ni hii. Msingi uwe kahawia ya giza iliyotiwa wekundu kidogo. Kivuli kipate tone la zambarau au buluu, kisiwe cheusi mtupu. Kisha panda kwa kuongeza rangi ya udongo wa manjano au rangi ya chungwa iliyofifia, na uiweke mahali panne: paji la uso, mifupa ya mashavu, mgongo wa pua, kidevu. Ukipandisha kwa nyeupe, ngozi inapauka kama iliyokosa mafuta. Tabaka la mwisho liwe dogo kuliko unavyodhani, nukta tu kwenye paji la uso, kwa sababu ngozi nyeusi hurudisha mwanga wa anga kwa ukali mahali padogo. Na usipake kikosi kizima kwa mchanganyiko mmoja. KAR ilikuwa na Wayao kutoka Nyasaland (Malawi ya leo), Wasudani, Wanandi, Wakamba. Upande wa Wajerumani walikuwemo Wanyamwezi na Wasukuma. Simama dakika tano stendi ya Kencom saa kumi na moja jioni uhesabu ni kahawia ngapi zinapanda matatu.

Kuna somo jingine la bure pale Kenyatta Avenue, kwenye mnara wa askari uliozinduliwa mwaka 1928. Wale wanaume watatu ni wa shaba, kwa hiyo rangi hakuna, lakini ndiyo maana wanafaa: unaona mwanga peke yake. Nenda saa sita mchana. Mabega yanawaka, chini ya kidevu ni giza, na kila mkunjo wa nguo una ukingo mmoja unaong'aa na mmoja uliozama. Kwenye kisanamu mkunjo huo una kina kisichofika milimita moja, na taa ya sebuleni haiwezi kuutia kivuli cha maana. Inabidi ukipake mwenyewe. Maji ya rangi ya kahawia yanaachwa yateremke kwenye mikunjo na kutulia humo. Yakikauka, brashi iliyofutwa karibu yote rangi inapitishwa juu juu ili miinuko peke yake ishike. Kwa askari mmoja ni kazi ya dakika chache, na robo tatu ya uzuri wa kisanamu iko hapo.

Unene wa rangi nao una skeli yake. Tabaka la sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa mtu wa ukubwa halisi, ni koti la matope la zaidi ya nusu sentimita. Ndiyo maana rangi ya akriliki huzimuliwa kwa maji na kupakwa mara mbili au tatu. Kwa hewa kavu ya Januari na Februari itakukaukia upesi kwenye sahani, kwa hiyo tandika sifongo lenye maji ndani ya kopo bapa, juu yake karatasi ya kuokea, na uchanganye rangi hapo.

Udongo wa kitako, yaani kibao ambacho kisanamu husimama juu yake, unafuata hesabu ileile. Chembe ya mchanga ya milimita moja ni jiwe la sentimita tano na nusu, la kutosha mtu kujikwaa, basi chekecha mpaka ibaki vumbi. Kwa mapigano ya upande wa Taveta na Voi udongo uwe mwekundu, lakini ule halisi wa huko ukiubandika na gundi hugeuka giza kama ulionyeshewa. Pitisha brashi kavu yenye rangi ya chungwa iliyochanganywa na krimu. Udongo mweusi wa Embakasi nao ukikauka ni wa kijivu, na kijivu hicho ndicho unachokitaka, si ule weusi unaokwama kwenye viatu.

Vanishi inaweza kuharibu yote haya. Ile inayong'aa huzamisha rangi tena, na kaki uliyoipandisha inarudi ilikotoka. Tumia isiyong'aa, na bunduki peke yake ndiyo ipate tone la ile nyingine kwenye mtutu. Kabla ya kumaliza kikosi, beba kisanamu kimoja kilichokamilika ukiweke chini ya taa ya chumba kitakachochezewa, urudi nyuma hatua moja. Kilichopakwa karibu na dirisha mara nyingi huhitaji kupandishwa tena kidogo chini ya balbu, na ni afadhali kulijua hilo ukiwa na askari mmoja kuliko ukiwa na arobaini.