Shamba la Holaria na haki ya mwanamke kuuza ardhi

Mwaka 1988, mkoani Kagera, mwanamke aitwaye Holaria Pastory aliuza kwa shilingi 300,000 shamba la ukoo aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Jamaa yake, Bernardo Ephraim, alimshtaki katika Mahakama ya Mwanzo akidai kwamba kwa mila ya Wahaya mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo, na mahakama ilikubaliana naye, ikabatilisha mauzo na kumwamuru Holaria arudishe fedha.

Angeweza kurudisha na kunyamaza, kama wanavyofanya wengi tunaowapokea katika ofisi ya msaada wa kisheria hapa Lindi, ambao huja na hukumu mkononi muda wa rufaa ukiwa umekwisha kupita. Yeye alikata rufaa Mahakama ya Wilaya, akashinda. Na shauri lilipopelekwa Mahakama Kuu, Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua mwaka 1990 kwamba kanuni hiyo ya mila inapingana na Katiba, ambayo tangu mwaka 1984 ina sura ya haki za msingi na inakataza ubaguzi. Kwa maoni yangu, ujasiri wa Holaria ulianza kabla ya mahakama, siku alipouza akijihesabu mmiliki kamili wakati watu wa ukoo wake walimwona mtunzaji tu.

Huku Kusini hatuna sababu ya kudhani kwamba jambo hili ni la Wahaya peke yao. Ni kweli kwamba kwa Wamwera na Wamakonde ukoo ulihesabiwa tangu zamani kwa upande wa mama, lakini kuhesabiwa huko hakumaanishi kwamba mama ndiye mwenye kauli, kwani mara nyingi kauli ilikuwa ya mjomba, na mjane anaweza kuambiwa aiache mikorosho aliyoipalilia miaka yote kwa sababu ni mali ya ukoo wa marehemu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imebatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke umiliki wa ardhi.

Kwa hiyo anayeshindwa Mahakama ya Mwanzo, iwe kwa mirathi au shauri jingine la madai, aombe nakala ya hukumu mapema, kwa kuwa rufaa ya kwenda Mahakama ya Wilaya hukatwa ndani ya siku 30.