Sura za maroboti si za kurukwa

Wapo wasomaji hapa Unguja wanaodhani riwaya ya kisayansi ikichanganywa na mambo ya familia huwa ni vitabu viwili vilivyoshonwa pamoja, basi huruka sura za maroboti. Sivyo kabisa. Chukua Death of the Author ya Nnedi Okorafor (2025): Zelu, mwandishi anayetumia kiti cha magurudumu, anapata umaarufu mkubwa kwa riwaya yake ya maroboti, na sura za riwaya hiyo zimepachikwa katikati ya maisha yake, pamoja na mahojiano ya jamaa zake. Ukiziruka, swali zito kuliko yote, nani hasa anamsimulia nani, litakupita. Zisome kwa mpangilio wake. Mahojiano nayo yasome taratibu, maana kila jamaa anamsimulia Zelu kama anavyomjua yeye.